Kabla ya Kuacha Chochote, Ongeza Kitu Kimoja Sahanini

"Daktari, niambie niache nini." Hilo ndilo swali la kwanza la karibu kila mtu anayekuja kwangu kwa ushauri wa lishe. Anaketi, anafungua daftari, kalamu iko tayari. Wengine wana orodha kabisa waliyopewa na rafiki au waliyoikuta mtandaoni: wanga marufuku, matunda marufuku kwa sababu yana sukari, kula baada ya saa kumi na mbili jioni marufuku. Orodha za namna hiyo nimeona nyingi zikivunjika. Mtu anajibana wiki mbili tatu, siku moja anazidiwa, anakula alichojikataza hadi anaumwa na tumbo, kisha anarudi kwangu ameinamisha kichwa kana kwamba ameiba.

Aibu hiyo huniuma, maana mwili wake umefanya kazi uliyoumbiwa.

Mwishoni mwa mwaka 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mwanasayansi Ancel Keys alianza jaribio na vijana 36 wa kiume wenye afya njema, wote wamejitolea wenyewe. Kwa wiki 24 walipewa takriban nusu ya chakula walichokuwa wakila. Walikonda, hilo lilitarajiwa. Lakini pia walikuwa na hasira za haraka, huzuni ikawaingia, na chakula kikatawala mawazo yao mchana kutwa. Baadhi yao wakawa wanakusanya vitabu vya mapishi. Waliporuhusiwa kula tena, wapo waliokula mpaka tumbo likajaa kabisa na bado wakahisi njaa. Hao walikuwa watu wenye msimamo na sababu ya kuvumilia. Ukishindwa na dayati kali nyumbani kwako, kazini kwako, na watoto wanakusubiri, usijihesabu kuwa dhaifu.

Leo tunaijua vizuri zaidi njia ambayo njaa hiyo hupitia. Mafuta ya mwili hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, ambayo huujulisha ubongo kwamba akiba ipo. Ukikonda, leptini hushuka. Ghrelini, homoni ya njaa inayotoka zaidi tumboni, hupanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia watu waliopunguza uzito kwa dayati kali ya wiki 10, na mwaka mzima baadaye homoni zao zilikuwa bado zinawasukuma kula. Kwa hiyo mtu aliyejinyima anapambana na mwili unaomdai kila siku.

Ndiyo maana mimi huanza kwa kuongeza. Nikimwambia mtu, "Endelea na chakula chako cha mchana kama kilivyo, ila mboga ziwe mara mbili ya jana," huniangalia kwa mashaka. Anadhani nimemhurumia. Lakini mboga, matunda na jamii ya kunde zina maji mengi au nyuzinyuzi nyingi, au vyote viwili. Hujaza tumbo mapema, hutafunwa kwa muda, na nyuzinyuzi hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Sahani ikishajaa hivyo, kile kingine hupungua chenyewe bila mtu kukipigania. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Zigawe mara tano, kila mara gramu 80, kiasi cha kujaza kiganja. Kama sasa unakula mara moja, lenga mara mbili. Tano zitakuja.

Lipo eneo moja ambapo mimi huvunja kanuni yangu na kusema wazi kwamba punguza: sukari ya kunywa. Mezani kwangu nina bakuli la sukari na kijiko cha chai. Mteja akiniambia hunywa soda moja tu kwa siku, namwomba asome lebo ya chupa. Nyingi huandika karibu gramu 10 na nusu kwa kila mililita 100, na chupa ni ya nusu lita. Kijiko cha chai ni kama gramu 4. Ninampa kijiko na glasi tupu ahesabu mwenyewe. Akifika cha saba mkono huanza kusita, na bado safari ni ndefu: ni vijiko 13. Shirika hilohilo linasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani takriban gramu 50 kwa anayekula kilokalori 2,000. Chupa moja imemaliza kiwango chote, na tumbo halikushiba hata kidogo. Hata hapo simwambii aache kesho. Aanze na nusu chupa, au kama ni chai, apunguze nusu kijiko kila wiki. Ulimi huzoea utamu mdogo ukipewa muda.

Sasa, mazoea hujengwaje? Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliochagua jambo dogo la kufanya kila siku, mfano kula tunda wakati wa chakula cha mchana. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo hilo lijiendeshe lenyewe, lakini wapo waliotumia siku 18 na makadirio kwa wengine yalifika 254. Zile ahadi za siku 21 zinawavunja watu moyo bure. Ninachokipenda zaidi katika kazi yao ni kwamba kila jambo lilifungwa kwenye kitu ambacho mtu tayari hukifanya.

Mteja wangu mmoja alikuwa anatoka nyumbani alfajiri bila kula, akifika kazini anakula chochote kilicho karibu. Nilimuuliza ni kitu gani hakisahau kamwe usiku. Akacheka: kuchaji simu. Basi tukakubaliana kwamba akichomeka chaja, aweke pembeni yake tunda moja na chupa ya maji. Asubuhi akichukua simu, anachukua vyote vitatu. Hakuna kingine tulichobadilisha mwezi ule.

(Kama una kisukari na unatumia insulini, una ugonjwa wa figo, ni mjamzito, au umewahi kuwa na tatizo la kula kupita kiasi na kujitapisha, zungumza kwanza na anayekutibu. Mahitaji yako yana hesabu yake.)

Wiki ya sita mteja wangu yule wa chaja akapata msiba, akasafiri siku nne. Aliporudi alinipigia simu usiku, sauti imeshuka, akaniuliza kama ahesabu upya kutoka siku ya kwanza. Nikamwambia katika utafiti ule, kuruka siku moja hakukubomoa mazoea yaliyokwisha kuanza kujengeka, na nne za kwake zilikuwa za kumzika mtu. Kisha nikamuuliza kama simu yake ina chaji.

"Imebaki asilimia tisa," akasema.

"Basi nenda kaichomeke, ndugu yangu. Tunda lipo?"

Lilikuwepo.