Faiba haipakwi

Wiki hii nimeisikia tena: "Boti yangu ya plaiwudi nimeipaka faiba mikono mitatu." Mikono mitatu ni matabaka matatu. Aliyesema ni kijana mwenye bidii, boti ameiunda mwenyewe, na hata mwaka haujatimia ufa umetokea pale ubavu unapokutana na sehemu ya chini. Niliinama kuutazama ufa ule. Sikuona hata uzi mmoja. Palikuwa na ngozi inayong'aa ya epoksi, ile gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu, nyembamba kama ukucha, imepasuka pamoja na mbao.

Faiba, au faibaglasi kwa ukamilifu wake, ni nyuzi za kioo zilizofumwa zikawa kitambaa. Kitambaa hicho hutandikwa juu ya mbao, kikaloweshwa rezini, ambayo epoksi ni aina yake moja, na vyote vitatu vikagandamana kuwa kitu kimoja. Maana yake ni hiyo tu. Kilichonifanya niandike ni kitenzi.

"Kupaka" tumekirithi kutoka kwa waunzi wa zamani, na kwao kilikuwa sahihi kabisa. Chombo cha mbao kilikalafatiwa, yaani kilizibwa, kwenye maungio, kisha chini kikapakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Neno deheni asili yake ni Kiarabu, lenye maana ya mafuta, na mafuta hupakwa. Deheni hukaa juu ya mbao, huisha, hukwanguliwa, hupakwa tena. Haikuwahi kudaiwa ishike ubao na ubao mwenzake. Kazi hiyo ilikuwa ya misumari na mataruma, yaani mbavu za chombo. Ilipokuja kazi ya faiba, watu waliona fundi ameshika brashi, ndoo iko chini, kitu cha majimaji kinang'aa kwenye bodi, wakasema anapaka. Ni kweli anapaka, ila anachopaka ni rezini. Kitambaa kilichotangulia chini ya brashi hakikuonekana, kwa sababu kikishalowa huwa hakionekani tena.

Neno lenyewe lingetuonya kama tungelisikiliza. Faiba limepitia Kiingereza kutoka Kilatini, fibra, na maana yake ni uzi. Ndiyo sababu waya wa intaneti nao huitwa faiba: ndani yake mnapita uzi wa kioo. Hakuna anayesema amepaka uzi. Wala hakuna anayepaka shuka kitandani, shuka hutandikwa. Chombo nacho huvikwa faiba.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Epoksi pekee huzuia maji vizuri, lakini ikivutwa sana hupasuka. Uzi mwembamba wa kioo una nguvu kubwa ya kuhimili kuvutwa, lakini peke yake hauna umbo wala hauzuii maji. Ukivilaza pamoja, rezini inaushikilia uzi mahali pake na uzi unabeba mzigo. Boti ikigonga jiwe au ikiburutwa mchangani, anayesimama kati ya jiwe na mbao ni kitambaa. Mikono kumi ya epoksi isiyo na kitambaa ni mikono kumi ya epoksi.

Kingine ambacho kitenzi hiki kinaharibu ni matayarisho. Anayewaza kupaka husafisha juu juu, kama ilivyo kwa rangi. Anayewaza kuvika hujiuliza maswali mengine. Je, kona zimeviringwa? Kitambaa cha kioo hakikubali kukunjwa kwenye ukingo mkali. Kitainuka, na chini yake patabaki hewa. Kila ukingo wa nje unahitaji kuviringwa walau kwa nusukipenyo cha milimita 6, na zaidi ya hapo ni bora. Je, matundu ya skrubu na mashimo ya waya za kushonea mbao yamejazwa epoksi iliyofanywa nzito? Je, mbao zimekauka mpaka ndani? Bodi lote hupigwa msasa wa namba 80, vumbi likaondolewa kabisa. Kama lilishapakwa epoksi ikagandamana, kwanza huoshwa kwa maji safi, kwa sababu baadhi ya epoksi huacha utando kama nta juu yake, na msasa huusambaza tu utando huo badala ya kuuondoa.

Hata saa ya kuanza ina maana yake. Mbao zikipata joto, hewa iliyo ndani yake hutanuka na kutoka, ikaacha mapovu chini ya kitambaa. Ndiyo maana mafundi wengi hungoja jua lipungue, mbao zianze kupoa.

Kisha kitambaa hutandikwa kikavu, tuseme cha gramu 200 kwa mita ya mraba, kikalainishwa kwa kiganja kutoka kwenye mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, kwenda pembeni. Ni cheupe kabisa, kama sanda. Rezini inamiminwa kidogo kidogo na kusukumwa kwa kipande cha plastiki, na hapo ndipo pa kutulia na kutazama: weupe unarudi nyuma, mishipa ya ubao inajitokeza, na kitambaa kinatoweka machoni pako. Kinapotoweka ndipo kimeshiba. Palipobaki weupe pana kiu au pana hewa, na siku ya pili ukipagonga kwa kidole pataitika kama debe tupu. Baadaye ndiyo inakuja mikono miwili mitatu ya epoksi ya kujaza vishimo vilivyo kati ya nyuzi za kitambaa, halafu rangi, kwa kuwa jua huila epoksi iliyoachwa wazi.

Na kabla mtu hajauliza: poliesta, rezini ya aina nyingine, si epoksi. Poliesta huunda boti nzuri za faiba tupu ndani ya kalibu, lakini juu ya mbao mshiko wake ni dhaifu, na mara nyingi baada ya muda hubanduka kama ganda. Dawa ya kugandishia epoksi nayo haiongezwi ili ikauke haraka. Kipimo chake ni kimoja, na kukizidisha kunaacha epoksi laini isiyokomaa.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa mikono mitatu, umepaka epoksi, na umeipaka vizuri, haina michirizi. Kitambaa bado. Fungua ule ufa mpaka kwenye mbao kavu, ujaze, osha bodi, piga msasa mpaka mng'ao wote ufe, kisha ulivike faiba.