Kadi Imeingia, Mbona Haisomi? Dhana Potofu Kuhusu Kompyuta za Kiganjani za Zamani

Mtu akikuta kompyuta ya kiganjani kuukuu, kama vile Palm, iPAQ au Psion, kwenye droo, akaichaji na kuiona inawaka, wazo la kwanza ni kuitafutia memori kadi. Hapo ndipo ushauri mbovu unapoanza kumiminika, mwingi ukitoka kwa watu wenye nia njema wanaodhani tundu la kadi ni tundu tu. Vifaa vizima hutupwa kwa kudhaniwa vimekufa, kumbe kilichokosewa ni kadi. Jambo hili huniuma, kwa sababu vifaa hivyo havitengenezwi tena.

"Kadi ikiingia bila kulazimishwa, itasoma"

Hakuna dhana inayowapotezea watu pesa kama hii. Kadi za SD zilibuniwa na SanDisk, Panasonic na Toshiba mwaka 1999. SDHC, yaani SD yenye uwezo mkubwa zaidi, ikafuata mwaka 2006 ikiwa na umbo lilelile: milimita 32 kwa 24, unene 2.1. Zote mbili zinakaa sawasawa ndani ya Palm m505 ya mwaka 2001. Tofauti yake haionekani kwa macho wala kuhisiwa kwa kidole.

Tofauti iko kwenye hesabu. SD ya awali hutafuta data kwa kuhesabu baiti mojamoja, na namba ya biti 32 haiwezi kufika mbali zaidi ya GB 4. SDHC huhesabu kwa vipande vya baiti 512. Chukua watu wawili, mmoja akihesabu nyumba na mwenzake akihesabu mitaa: ukiwatuma wote kwenye "namba 40", watafika sehemu mbili tofauti kabisa. Ili data isiharibike kwa mkanganyiko huo, kadi ya SDHC husubiri kwanza kifaa kitamke kwamba kinaifahamu. Kifaa cha mwaka 2001 hakijui kutamka hivyo, kwa hiyo kadi haimalizi kujiandaa, na kifaa kinaonyesha kwamba hakuna kadi. Hakuna kilichoharibika upande wowote.

Kwa vifaa vingi vya wakati ule, GB 2 ndiyo kadi kubwa ya kununua bila wasiwasi, kwa kuwa hata mpangilio wa faili wa FAT16 nao huishia hapo. Vifaa vingine huishia chini zaidi. Clié za kwanza, kompyuta za kiganjani za Sony, zilitumia Memory Stick ya kawaida, kadi ya Sony yenyewe, ambayo kubwa yake ilikuwa MB 128. Memory Stick PRO ya mwaka 2003 haisomeki humo.

"Adapta itamaliza tatizo"

Inategemea adapta ina nini ndani. Ile ya plastiki inayogeuza microSD kuwa SD ni nyaya tu. Ukitia microSD ya GB 16, kifaa bado kinakutana na SDHC ileile iliyokishinda.

Adapta ya kutia SD ndani ya tundu la CompactFlash, aina nyingine ya kadi, ni habari nyingine, kwa kuwa ina chipu inayotafsiri lugha ya kadi moja kwenda lugha ya nyingine. Kifaa chenyewe hakijui kwamba kuna SD ndani, kinaona CompactFlash. Hata hivyo mpangilio wa faili unabaki palepale, na kama mfumo endeshi unajua FAT16 pekee, GB 2 bado ndio ukuta.

Kuna pia adapta ya nyaya tupu inayofanya kazi vizuri sana, nayo ni ya kutia CompactFlash kwenye tundu la PCMCIA, yaani la kadi pana za laptop za zamani. Kadi ina pini 50, tundu lina pini 68, lakini lugha ni ileile, kwa kuwa CompactFlash ilizaliwa kutokana na PCMCIA. Ndiyo maana HP 200LX ya mwaka 1994, inayoendesha MS-DOS 5.0, bado inahifadhi faili kwenye CompactFlash.

"Kadi inaongeza RAM"

Haiongezi. Palm m505 ina RAM (kumbukumbu ya ndani ambamo programu huendeshwa) ya MB 8, na hata ukitia kadi ya MB 512, RAM inabaki MB 8. Ukifungua programu iliyoko kwenye kadi, Palm OS, mfumo endeshi wa Palm, huinakili kwanza kwenye RAM ndipo inaiendesha. RAM ikiwa imejaa, programu haifunguki hata kama kadi ni tupu. Zaidi ya hayo, programu zilizoandikwa kabla ya Palm OS 4.0 kuleta utaratibu wa kadi hutafuta data zao ndani ya RAM tu, hazijui kabisa kwamba kadi ipo.

"Tundu lipo, basi hata Wi-Fi itaingia"

Kadi ya kuhifadhi data ni kitu kimoja, kadi ya kufanya kazi, kama vile ya Wi-Fi, ni kitu kingine. Kadi ya namna hiyo huhitaji tundu linalokubali SDIO (utaratibu wa kuunganisha vifaa kupitia tundu la SD), draiva (programu inayoufundisha mfumo kuitumia kadi) iliyoandikwa kwa ajili ya mfumo huo, na umeme wa kutosha. Kadi ya Wi-Fi ya Palm ilifanya kazi kwenye Tungsten T3 na Zire 72. Tungsten E, yenye tundu linaloonekana vilevile, haikuiweza.

Umeme nao si jambo dogo. iPAQ za kwanza, za mwaka 2000, hazikuwa na tundu la kadi mwilini. Zilivishwa koti la nyuma lenye tundu. Koti la PCMCIA lilikuja na betri yake lenyewe, kwa sababu kadi hizo zingeimaliza haraka betri ya kifaa.

"Mtengenezaji akiweka mpaka, ndio mwisho"

Mara nyingi mpaka uko kwenye programu, wala si kwenye chuma. Clié NX70V ya mwaka 2002 ina tundu la CompactFlash ambalo Sony ililiruhusu kwa kadi yake ya Wi-Fi pekee. Wapenzi wa vifaa hivyo wakaandika draiva, na tundu lilelile likaanza kusoma CompactFlash za kuhifadhi data. Kwa Palm TX ya mwaka 2005 ilitokea draiva ya kusoma SDHC, miaka kadhaa baada ya Palm kuiachia sokoni. Kwa hiyo kabla ya kukata tamaa, uliza kama kuna aliyeandika draiva ya kifaa chako.

Ipo mipaka ambayo draiva haiwezi kuiondoa. Microdrive ya IBM, diski kuu ndogo yenye umbo la CompactFlash, ina unene wa milimita 5, na tundu la CompactFlash la aina ya kwanza linapokea milimita 3.3 tu. MMC, kadi iliyoitangulia SD na yenye unene wa milimita 1.4, huingia kwenye tundu la SD, lakini SD haiingii kwenye tundu lililotengenezwa kwa MMC. Usiisukume: pini zikipinda, kupata tundu jingine la kubadilisha ni kuvunja kifaa cha pili.