Umemaliza likizo ya uzazi, unaambiwa "tutakupigia"

Katika kazi yangu ya kuwasimamia wafanyakazi kwenye mashauri ya ajira, barua ya kuachishwa kazi hainitishi. Barua ina tarehe, ina saini, ina sababu hata kama ni ya kutunga, kwa hiyo nina pa kuanzia. Kinachonitisha ni mama kuambiwa, tena kwa upole, "nenda nyumbani kwanza, tutakupigia."

Mwaka jana alikuja ofisini kwangu dada mmoja, mhasibu msaidizi, mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam, mtoto kamfunga mgongoni. Alikuwa amemaliza siku zake 84 za likizo ya uzazi na kuripoti Jumatatu saa 2 asubuhi, akakuta kiti kina mtu. Kijana aliyeachiwa mafaili kwa muda ndiye aliyekuwa sasa akipokea simu za idara. Ofisa rasilimali watu (HR) akamwambia kwamba ofisi inajipanga upya, apumzike kidogo, atajulishwa. Kila Ijumaa dada wa watu akatuma ujumbe wa kukumbushia, na kila Ijumaa akajibiwa "tunalifanyia kazi." Alipofika kwangu wiki sita zilikuwa zimekwisha pita.

"Lakini wakili, mimi sijafukuzwa," aliniambia.

Kisheria alikuwa ameshafukuzwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, Na. 6 ya 2004, katika kifungu cha 36, inataja mambo yanayohesabiwa kuwa ni kuachishwa kazi, na mojawapo ni mwajiri kutomruhusu mfanyakazi kurejea kazini baada ya likizo ya uzazi. Si lazima pawe na barua, wala mtu atamke neno "umefukuzwa." Ukifika mlangoni ukarudishwa nyumbani, limeshatokea.

Kifungu hiki ni kinga, lakini kina makali upande wa pili. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapaswa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 30, ilhali migogoro mingine ya kazi ina siku 60. Siku hizo 30 huhesabiwa tangu tarehe ya kuachishwa au tarehe mwajiri alipofikia uamuzi wake wa mwisho. Sasa, uamuzi wa mwisho wa mtu anayesema "tunalifanyia kazi" ni upi? Mwajiri aliyeitwa Tume atadai ulikuwa ile Jumatatu ya kwanza. Na huyu huyu ndiye aliyekuwa akikutuliza kwa mwezi mzima! Sisi tulilazimika kujaza fomu Na. 1 ya kufungua shauri pamoja na fomu Na. 2 ya kuomba kuongezewa muda, na kueleza kwa kiapo kwa nini tumechelewa. Ujumbe wa Ijumaa ndio uliotuokoa, kwa kuwa hakuufuta hata mmoja.

Kwa hiyo ushauri wangu hubadilika kulingana na siku. Siku ya kwanza ukirudishwa nyumbani, andika hapo hapo: barua pepe, au hata WhatsApp, mistari mitatu tu. Nimeripoti leo tarehe fulani baada ya likizo, nimeambiwa na fulani nirudi nyumbani, naomba tarehe ya kuanza kazi kwa maandishi. Usilumbane, usitukane, usiandike kwamba "nimekubali kusubiri." Wiki mbili zikipita bila tarehe, tafuta mtu wa kukusaidia: chama cha wafanyakazi, wakili, au nenda mwenyewe Tume, fomu hujazwa na mtu yeyote. Ikifika siku ya 25, acha kila kitu, nenda kafungue shauri. Kufungua shauri hakukuzuii kuendelea kuzungumza na bosi.

Mkiwa ndani ya Tume, mzigo wa kuthibitisha kwamba uliachishwa kwa haki ni wa mwajiri. Sheria inasema wazi kwamba sababu inayohusiana na ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na ujauzito umo pia kwenye orodha ya misingi ya ubaguzi inayokatazwa. Ndiyo maana sijawahi kukutana na mwajiri aliyekiri. Wote wana lugha moja: tumepunguza wafanyakazi. Kupunguza nako kuna taratibu zake. Kifungu cha 38 kinataka mwajiri atoe taarifa ya kusudio lake, atoe maelezo yanayohusika, kisha ashauriane na wafanyakazi au chama chao kabla ya kupunguza. Swali langu huwa fupi: kikao cha mashauriano kilifanyika lini, na muhtasari uko wapi? Upunguzaji uliomgusa mama mmoja tu, tena akiwa wodini, mara nyingi hauna muhtasari.

Wapo wanaorudishwa, lakini kwa kazi nyingine. Hapa sheria yetu inasema mfanyakazi anarejea kwa masharti yale yale ya ajira. Kwa maoni yangu kuhamishwa meza si ugomvi wa kwenda nao Tume. Kukatwa posho, kushushwa cheo au kupewa mkataba mpya wa miezi mitatu ni ugomvi. Jirani zetu wa Kenya, kwenye Sheria ya Ajira ya 2007, wameandika kwa kirefu kidogo: anarudi kwenye kazi aliyokuwa nayo, au kazi nyingine inayomfaa kwa masharti yasiyopungua yale ya awali. Mie naipenda yetu kwa ufupi wake. Ukiletewa mkataba mpya siku ya kurudi, usisaini kwa kuona haya. Omba uende nao nyumbani ukausome.

Tarehe nazo zina mtego. Unaruhusiwa kuanza likizo wiki nne kabla ya siku unayotarajia kujifungua, na wengi hufanya hivyo kwa sababu miguu imevimba na daladala hazina huruma. Ila ukitumia siku 28 kabla, zinabaki 56 za kukaa na mtoto. Waliojifungua pacha wana siku 100. Na yule bosi anayepiga simu wiki ya nne akisema "njoo tu ufunge hesabu za mwezi," mkumbushe kwamba sheria inakataza mama kufanya kazi ndani ya wiki sita baada ya kujifungua, isipokuwa daktari amethibitisha kuwa anaweza.

Kunyonyesha ndilo jambo ninaloulizwa zaidi. Mwajiri anatakiwa kukuruhusu kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku. Kwenye karatasi ni nzuri. Kwa anayefanya kazi Posta, katikati ya jiji, na mtoto yuko Mbagala, saa 2 zinaishia barabarani. Wateja wangu waliofanikiwa ni wale waliopatana na mwajiri kuzikusanya, mtu akaingia kwa kuchelewa au akatoka mapema, na makubaliano yakaandikwa. Usipoyaandika, akibadilika meneja, utaonekana mtoro.

Manesi, walinzi na wa viwandani, lenu ni la usiku. Miezi miwili ya kwanza baada ya kujifungua hupangiwi zamu ya usiku, yaani saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Hata baada ya hapo, cheti cha daktari kinachosema hujawa tayari, au kwamba afya ya mtoto hairuhusu, kinakutoa kwenye zamu hiyo. Kuna mama aliyeingia zamu ya usiku kwa miezi mitatu huku mwanawe akilazwa na kutolewa hospitali, hana habari kwamba karatasi moja ya daktari ingetosha.

Haya yote ni ya Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria yao ya ajira, Na. 11 ya 2005, isomeni hiyo.

Yule dada wa Mbagala tuliongezewa muda, na kwenye usuluhishi mwajiri akakubali kumlipa mishahara ya kipindi chote alichokaa nyumbani na kumrudisha kazini. Meza aliyopewa iko karibu na stoo. Nilimuuliza kama tuipiganie ile ya zamani, akacheka. Alichotaka ni droo inayofungwa kwa ufunguo, ya kuwekea pampu yake ya kukamulia maziwa, nayo tukaiandika kwenye makubaliano.