Leseni ya roketi haibebi redio

Wengi huamini roketi ikishapata leseni ya kurushwa, mawasiliano yake yamo humo humo. Sivyo. Nchini Marekani leseni ya kurusha hutolewa na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Masafa ya redio ya kampuni binafsi yako chini ya FCC, tume ya mawasiliano. Kituo cha ardhini kinachotaka kutuma amri kwa setilaiti iliyobebwa na roketi, katika siku zake za mwanzo angani, kinaweza kuomba kibali cha muda, kikitaja masafa, nguvu ya mtambo na mahali antena ilipo. Kusikiliza tu, kwa kawaida, hakuna taabu. Kutuma ndiko kwenye kazi. Megahezi 2025 hadi 2110, kwa mfano, hutumiwa pia na magari ya televisheni yanayorusha habari mubashara kutoka mitaani. Ukiyavuruga matangazo yao, unazima mtambo papo hapo, hata kama setilaiti ndiyo kwanza inachomoza.