Kioo cha kabati la gemu huchaguliwa kwa kutazama mgongo wake

Wiki hii tena: "Fundi, nimepata monita ya zamani ya kompyuta, ya VGA, kioo chake ni kikali kuliko televisheni yoyote. Nianze kukata mbao za kabati la kuchezea gemu za zamani?" Usikate. Hilo la "kioo kikali" ndilo linalowapoteza watu, na kwa kuwa nimelijibu kwa maneno mawili mara nyingi mno, leo nalijibu lote.

Mashine za gemu za miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 zilichora picha kwa mistari michache. Street Fighter II ya 1991 ni pikseli 384 kwa 224. Monita iliyokaa ndani ya mashine hizo ilipiga mistari 262 hivi kwa kila picha, ukihesabu na ile isiyoonekana, na picha 60 kwa sekunde. Zidisha upate mistari 15,720 kwa sekunde. Ndiyo hiyo tunayoiita 15 kHz. Sasa televisheni ya chogo, hata ile iliyosahauliwa stoo, hupiga 15,625 ikiwa ya mfumo wa PAL au SECAM, na 15,734 ikiwa ya mfumo wa NTSC. Hiyo na monita ya gemu ni ukoo mmoja. Monita ya VGA huanzia 31,469. Ni ukoo mwingine kabisa, ingawa wote wana chogo na wote ni wazito.

Ukiipa monita ya VGA ishara ya 15 kHz, ile ya miaka ya mwisho yenye kinga itakataa na kuandika kwamba ishara iko nje ya uwezo wake. Ile ya mwanzo isiyo na kinga itapiga mluzi, picha itachanikachanika, na transista ya mistari inaweza kuungua usipowahi kuizima. Basi utalazimika kuipa 31 kHz, na kompyuta inayoendesha gemu ndani ya kabati itafika huko kwa kuchora kila mstari wa gemu mara mbili: 224 inakuwa 448. Hapo ndipo picha inapoharibika. Kwenye 15 kHz, kati ya mstari na mstari kuna ufa mweusi mwembamba, na mwanga wa kila mstari hutanuka kidogo pembeni. Wachoraji walichora sura, moshi na vivuli kwa ajili ya kioo cha namna hiyo. Ziba ule ufa, na uso wa mpiganaji unakuwa tofali zilizopangwa. Kadiri kioo kinavyokuwa kikali, ndivyo tofali zinavyoonekana. Kwa kazi hii, ukali unaousifia ni kasoro.

Kuna programu zinazotia giza kila mstari wa pili. Zinasaidia, ila zinakula karibu nusu ya mwanga, na monita iliyozeeka haina mwanga wa kugawa. Njia ya haki zaidi ni kuipa picha 120 kwa sekunde: mistari 262 mara 120 ni 31,440, monita nzuri inaipokea, na kila mstari unachorwa mara moja tu, ufa ukiwa mahali pake. Lakini hapo kila picha inaonyeshwa mara mbili, na kitu kinachokimbia kinafuatana na pacha wake. Ukitia picha nyeusi kati ya moja na nyingine, pacha anatoweka na mwanga unapungua tena. Kama monita unayo tayari na televisheni huna, fanya hivyo. Kwenda kuinunua kwa ajili hiyo, hapana.

Tugeuze chombo, maana jibu liko nyuma.

Hapa Lubumbashi televisheni za chogo zilikuja kwa njia kadhaa. Zile zilizopitia mpaka wa Kasumbalesa kutoka kusini mara nyingi zina tundu la njano la video na la sauti, basi. Zilizotoka Asia kupitia Dubai zinafanana nazo, ila nyingi zinasoma PAL, SECAM na NTSC zote. Zilizokuja na mizigo ya mitumba kutoka Ubelgiji na Ufaransa zina peritel, lile tundu pana la pini 21. Ufaransa ililazimisha peritel kwenye kila televisheni mpya tangu 1980. Kupitia peritel, nyekundu, kijani na samawati huingia kila moja kwa waya wake, na hicho ndicho kitu kilichokuwa ndani ya mashine za gemu.

Hapa nataka usome polepole. Televisheni ya Kifaransa ya SECAM tupu huuzwa bei ya chini kwa sababu "haina rangi": ukiunga DVD ya PAL kwenye video ya kawaida, picha inatoka nyeusi na nyeupe. Si ugonjwa. SECAM, PAL na NTSC ni namna za kufunga rangi zote kwenye waya mmoja. Rangi zikiingia zimeshatenganishwa kwa peritel, hakuna cha kufungua, na ile televisheni iliyodharauliwa inatoa rangi safi kuliko jirani zake wote pale mezani. Inaniuma kuona zinavunjwa kwa ajili ya shaba.

Lakini si kila peritel inapokea rangi tatu. Televisheni ikiwa na mbili, kwa kawaida ni ile ya kwanza tu. Chungulia ndani: pini 7, 11 na 15 lazima ziwe na bati lake. Kisha weka chombo kwenye AV, unga picha yoyote kwenye tundu hilo, na gusisha betri ndogo ya volti 1.5, chanya kwenye pini 16 na hasi kwenye pini 18. Picha ikizimika na kioo kuwa cheusi, swichi ya rangi inafanya kazi. Isipobadilika, rudisha. Rimoti ikikosekana, pini 8 ikipewa volti 12 huipeleka televisheni kwenye AV yenyewe.

Rangi zinatakiwa 0.7 V kwenye omu 75. Sinkro, ile ishara inayoipanga picha kwenye kioo, inaingia pini 20, nayo iwe moja iliyounganishwa; VGA hutoa mbili, kwa hiyo zichanganywe kwanza. Kutoka kwenye vibao vya Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya kibao kimoja) vya volti 3.3, rezista ya omu 470 kwenye sinkro inatosha. Ukitumia kompyuta, usiache peritel imechomekwa wakati inawaka: mpaka programu ya 15 kHz ishike, kadi inatoa 31 kHz, na safari hii televisheni ndiyo inayoumia.

Ukikosa peritel, video ya njano inachezeka. Maandishi mekundu yatavuja kidogo, ila ufa wa mistari utaupata, nao una thamani kuliko ukali wa VGA. Kwenye Raspberry Pi yenye tundu la 3.5 mm, video iko kwenye pete ya mwisho karibu na waya, na ardhi ni ile inayoifuata. Nyaya nyingi za kamera zimepanga kinyume. Picha isipotoka, shuku waya kwanza.

Televisheni iliyoandikwa 100 Hz iache, hata ukipewa bure. Inameza picha, inaichakata, inaitoa imechelewa, na mistari yetu inaichanganya.

Kipimo: inchi 14, ambayo Wafaransa waliandika 37 cm, ndiyo ya kabati dogo. Ina kina cha karibu 37 cm na uzito wa kilo 10 hivi, basi plaiwudi iwe ya 15 mm. Acha nafasi ya 5 cm nyuma ya shingo, matundu ya hewa chini na juu, na spika zisizokingwa zikae mbali na kioo, la sivyo utapata madoa ya rangi. Kama moyo wako uko kwenye michezo ya wima kama Pac-Man ya 1980, yenye pikseli 224 kwa 288, amua sasa: mistari 288 haienei kwenye televisheni iliyolala, na kuisimamisha kunabadilisha kabati lote.

Kupima afya: iwashe ikiwa baridi. Picha ndani ya sekunde 20, vizuri. Ikichukua dakika nzima huku rangi moja ikichelewa, tyubu imechoka. Izime utazame kioo kwa mwanga wa pembeni, nembo iliyoungua itajionyesha. Mstari mmoja mweupe katikati si kifo. Mara nyingi ni lehemu iliyopasuka au IC ya wima, ile chipu inayotanua picha juu na chini. Picha inayovimba mwanga ukiongezeka ni volti ya juu isiyotulia, na hiyo mimi siinunui.

Wengi hushauri kubadili kapasita zote mara moja. Nazidi kutoamini hilo. Televisheni iliyokuwa inafanya kazi na sasa ina kapasita 40 mpya, mbili kati yake zimegeuzwa, ni maiti ghali. Badili za wima na za pawa zikionyesha dalili, rudia lehemu miguuni mwa THT (transfoma ya volti ya juu), na uache nyingine.

Kama unaweza, iache ndani ya ganda lake la plastiki na ufiche fremu kwa kadibodi nyeusi. Ukilazimika kuivua, tyubu inahifadhi zaidi ya volti 20,000 chini ya kile kikofia cha mpira, na kapasita kubwa ya pawa ina zaidi ya 300. Izime, ichomoe, kisha toa chaji kwa bisibisi iliyofungwa waya kwenye msuko wa shaba unaozunguka mgongo wa tyubu. Usiufunge kwenye ardhi ya pawa. Mkono mmoja mfukoni. Ibebe kwa masikio manne ya pembeni, kamwe si kwa shingo. Na zile za zamani zisizo na tundu lolote la AV usizichimbe kutafuta mahali pa kuunga rangi: nyingi zina chasisi iliyoungwa moja kwa moja na umeme wa ukutani.

Umeme wa SNEL ukipanda na kushuka, weka stabilizeta. Kwa betri, televisheni hii inakula wati 50 hivi na kompyuta ndogo 10. Betri ya volti 12 yenye Ah 100, ukiitumia nusu tu, inakupa saa nane hadi tisa ukitoa kinacholiwa na inveta. Ile sekunde ya kuwasha, koili ya kusafisha rangi huvuta zaidi ya hapo. Inveta ya wati 150 huweza kujizima, ya 300 inabeba.