Grisi ya giaboksi kwenye lori la rimoti, kazi yake hasa ni nini

Giaboksi nyingi za lori la rimoti hazina gia za kubadilisha, ni kijisanduku tu chenye gia za kupunguza mizunguko ya mota ndo nguvu ifike kwenye difu, zile gia zinazogawia tairi la kushoto na la kulia nguvu, na magurudumu. Sasa mota ya brashilesi, yaani isiyo na brashi, ya KV 3500, yaani mizunguko 3,500 kwa dakika kwa kila volti, ukiitia betri ya lipo ya 3S, yaani ya seli tatu, volti 11.1, bila mzigo inakaribia mizunguko 38,850 kwa dakika. Hapo meno ya gia yasuguane makavu uone yatadumu siku ngapi! Grisi inaweka utando baina ya meno, inapunguza joto na inazuia kutu, basi.

Watu wanachochanganya ni difu. Ile oili ya silikoni yenye namba 5,000 ama 10,000, hiyo namba ni mnato wake, na kazi yake kubwa ni kuamua difu ibane vipi tairi moja likiinuka juu, nyepesi inaachia nguvu ikimbilie tairi linalozunguka bure, nzito inabana. Usiitie kwenye gia za chuma za giaboksi ukadhani umelainisha, manake silikoni kwa chuma juu ya chuma hailindi vizuri, hapo tafuta grisi ya lithiamu, ama yenye moli, yaani molibdeni disalfaidi. Gia za plastiki ndo zapatana na grisi ya silikoni.

Kiasi: paka meno tu. Ukiijaza mpaka imwagike gia zinaisukuma pembeni na mota inachoka bure.

Pinioni, ile gia ndogo ya kwenye mota, na ile gia kubwa inayoshikana nayo, kama ziko wazi, mie nasema ziache kavu. Ukienda kukimbiza lori pale ufuoni Bamburi, Mombasa, mchanga utanata kwenye grisi na hapo ushatengeneza pesti ya kusagia vavu, wallahi gia ya plastiki haifiki mbali. Na chumvi nayo inakula beringi, kwa hivo ukirudi nyumbani futa, kausha, fungua kifuniko cha giaboksi. Chota grisi kidogo uisugue kwa vidole viwili, ikikwaruza mchanga ushaingia, na kama gia ni za chuma halafu grisi imekuwa ya kijivu inayometameta, hiyo ni gia yenyewe inakwisha.

Lakini hakuna grisi itakayookoa gia zilizofungwa vibaya. Weka kipande cha karatasi baina ya pinioni na gia kubwa, zibane pamoja, kaza skrubu za mota, halafu itoe karatasi, unabaki na uwazi mdogo unaotakikana. Klachi ya slipa nayo, ile inayoteleza mzigo ukizidi, usiikaze mpaka mwisho, iteleze kidogo lori likitua kutoka juu huku bado umebana moto kwenye rimoti, la sivyo kishindo chote kinaingia kwenye meno. Na kwenye hiyo klachi usitie grisi hata tone, pedi zake zinashika kwa msuguano.