Kodi haijakwambia ununue sensa

Jumapili usiku bosi mmoja mwenye ekskaveta inayochimba mawe kule Usagara ananipigia simu, salamu hamna, "Fundi, mtambo umeleta kodi tatu, nguvu hamna, nishanunua sensa mbili zimekuja na basi kutoka Dar, nimefunga na kodi bado zipo, sasa hii ya tatu ninunue au?" Nikamwambia bosi usinunue kitu, kesho asubuhi nipo hapo, na mwambie opareta asifute hizo kodi, yaani zile namba za hitilafu zinazotokea kwenye skrini ya mtambo. Sensa nazo ni vile vipimio vya presha na joto vinavyopeleka taarifa kwenye kompyuta ya injini.

Hilo la kufuta nalikazia kwa sababu lilishaniumbua. Zamani kidogo nilikuta kodi kibao kwenye skrini nikafuta zote eti nianze upya, mtambo ukapiga kazi siku mbili safi kabisa, siku ya tatu ukazima katikati ya shimo na mi sina hata pa kuanzia. Siku hizi kabla sijashika spana napiga picha skrini: kodi gani, ipo hai au imehifadhiwa tu, imetokea mara ngapi, saa za injini zilikuwa ngapi.

Sasa hizi kodi, sio zile za TRA, kwenye mitambo mingi zina sehemu mbili. SPN inakwambia ni laini gani, mfano 100 presha ya oili, 102 presha ya hewa ya tabo, 110 joto la maji, 157 presha ya dizeli kwenye reli, lile bomba linalogawa dizeli kwa nozeli. Alafu FMI inakwambia hiyo laini ina ugonjwa gani, 3 volti zimepanda kupita kiasi, 4 zimeshuka, 5 waya umekatika, 6 umeme unavuta kupita kiasi mara nyingi waya umegusa bodi. Kampuni nyingine zina namba zao wenyewe, hapo fungua kitabu cha mtambo husika usikariri. Ila ona kitu kimoja, hamna mahali kodi imesema sensa imekufa. Imesema volti hazieleweki kwenye laini hiyo, na laini ni sensa, waya, soketi, ethi (njia ya umeme kurudi upande hasi wa betri) na kompyuta yenyewe. Watu wanasoma namba ya kwanza tu wanakimbilia dukani.

Basi Jumatatu nafika, nasoma, 100 na 102 na 157, zote FMI 4. Hivi sensa tatu zife siku moja kwa ugonjwa mmoja? Hapo ndo kichwa kikapata kazi, kwamba hizi tatu zinakula wapi pamoja. Nikafungua mchoro wa umeme, kumbe kwenye huo mtambo zote zinapewa volti 5 na laini moja kutoka kwenye kompyuta ya injini. Swichi oni, nikachomoa soketi ya sensa ya oili nikapima pini ya volti 5 kwa ethi yake, mita inasema 0.3. Nikaiacha imechomolewa, nikachomoa ya tabo, 0.3. Nikachomoa ya reli, bado 0.3. Kama ingekuwa sensa moja imepiga shoti inazivuta wenzake chini basi ukiichomoa hiyo volti 5 zinarudi saa hiyo hiyo. Hazikurudi, kwa hiyo sensa zote tatu hazina hatia, ni waya au kompyuta.

Nikazima, nikatoa teminali za betri, nikachomoa plagi kubwa ya kompyuta, nikapima upinzani kati ya ule waya wa volti 5 na bodi. Hapo mita ilitakiwa isisome kitu, ikasoma omu 2. Maana yake waya umelala kwenye chuma mahali fulani. Nikamwambia kijana wangu we tikisa wayaringi taratibu kuanzia juu ushuke, mi jicho kwenye mita. Alipofika nyuma ya altaneta mita ikaruka. Kuna mtu alibadilisha altaneta, klipu ya kushikia waya hakuirudisha, akafunga kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, mpira ukaoza kwa joto, waya ukawa unasugua kwenye braketi mpaka shaba ikatoka nje. Tukaunga, mpira wa kusinyaa kwa moto juu yake, klipu mpya, betri zikarudi. Volti 5 kamili, kodi zikazima zenyewe zikabaki kwenye historia tu.

Na mita yenyewe usiiamini kipofu. Waya wa volti 24 uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utakusomea 24 vizuri tu kwa sababu mita haivuti umeme wowote wa maana, ukimpa kazi solenoidi, ile koili ya sumaku inayofungua valvu, anagoma. Mi natembea na balbu ya volti 24 wati 21, hiyo inavuta karibu ampea moja, nairushia kwenye huo waya, ikiwaka hafifu nimeshajua. Ethi hivyo hivyo, unapima kutoka nondo hasi ya betri mpaka ethi ya kifaa huku kifaa kinafanya kazi, ukiona nusu volti hapo kuna kutu au bolti imelegea.

Kingine, huku kwetu ziwani unyevu ni mwingi na maopareta wanapenda kuosha mtambo na pampu ya presha mpaka kwenye soketi, maji yanaingia, pini zinaota ukijani. Na mafundi wenzangu samahani lakini acheni kutoboa waya na sindano ili mpime, hako kashimo ndo mlango wa maji, baada ya miezi shaba imekuwa unga ndani na kwa nje waya unaonekana mzima. Pitisha pini nyembamba nyuma ya soketi.

Kodi za mawasiliano kati ya kompyuta zina siku yake, ila kwa haraka: zima, toa betri, pima kati ya zile waya mbili za CAN zinazobeba hayo mawasiliano, unatakiwa upate omu 60. Ukipata 120 basi moja ya zile rezista mbili za miisho ya waya haionekani au waya umekatika, ukipata karibu na sifuri zimegusana.

Zile sensa mbili bosi alijaribu kuzirudisha, duka likasema vifaa vya umeme havirudishwi. Zipo kwenye boksi chini ya kiti cha opareta.

Wiki iliyopita kapiga tena, 110 FMI 3. Hiyo sensa ya joto ni ya waya mbili, nikamwambia chomoa soketi, chukua kipande cha waya unganisha hizo pini mbili za upande wa wayaringi, nisomee kodi. Akakaa kimya kidogo nasikia injini ya lori inapita huko, alafu akasema, "Fundi imegeuka, sasa hivi inasema 4." Maana yake waya wazima na kompyuta inaona, aliyebaki ni sensa.

"Haya bosi, hii sasa nunua."